Kuliko

Mwalimu Ndoole anaandika ubaoni herufi mbili,
e na r, mkia mfupi kama wa mbuzi.
Kiingereza kikitaka kulinganisha, anasema,
hubandika huu nyuma ya sifa, na sifa inakua.
Ikiwa ndefu mno, mkia hauibebi:
inatafutiwa neno la mbele,
kama chukudu yenye mzigo mzito
inavyoitiwa mtoto aivute kwa kamba.
Na nzuri ikizidi uzuri
hubadili jina kabisa,
kama mtu aliyehama mtaa baada ya volkano.

Tuko kumi na mmoja, Majengo, jioni,
darasa la mbao juu ya jiwe jeusi.
Jenereta ya jirani inakohoa kumshinda Papa Buuma.
Mimi nimeshuka Kibumba na magunia manne ya viazi,
mguu wangu bado unakanyaga breki chini ya benchi.

Tuionje kwanza misemo yao kwa lugha yetu, anasema.
Heri kuchelewa kuliko kutofika kabisa.
Kahindo anacheka: hiyo kwetu maneno mawili tu,
kawia ufike. Hatukuhitaji mizani.

Watu wakizidi, furaha huzidi.
Aliyesema hajalala kwetu, najibu,
wanane, mkeka mmoja, mvua ya Aprili.

Kilicho kidogo ndicho kilicho zaidi.
Mama Nzigire, anayepima sambaza kwa kikombe pale Kituku,
anafungua kitambaa cha kichwa, anakifunga upya:
"Mwalimu, mteja huyo niletee mimi.
Nimpimie kidogo, alipe zaidi."

Nyasi za ng'ambo ni kijani kuliko zako.
Hapo hakuna aliyecheka.
Dirishani, taa za Gisenyi zimewaka mstari mzima
na kwetu umeme umekatika tangu Jumanne.
Kisha Kahindo, taratibu:
"Nyasi gani, Mwalimu? Sisi tuna jiwe."

Ukaja wa mwisho: mapema zaidi au baadaye zaidi.
Jambo litakalofika, anaeleza, ila siku haijulikani.
Bila kupatana tukageuza shingo kaskazini, sote.
Wingu lilikuwa jekundu tumboni.
Mwalimu akaufuta upesi,
akafuta hata pasipoandikwa kitu.

Narudi nasukuma chukudu tupu, inapiga kelele kuliko ikijaa.
Nawaza: kwetu sifa haikui peke yake.
Sema "nyumba kubwa kuliko," halafu unyamaze,
watu watasimama mdomoni mwako wakingoja.
Tunasema pia kupita, tunasema kushinda,
kana kwamba vitu vyote duniani vinakimbizana
kwenye mteremko wa Kibumba.
Lakini hili la kwanza nalivunja kwa meno, kama muwa:
ku, li, ko.
Kule kuliko na kitu.
Kumbe kulinganisha ni kunyoosha kidole tu,
kusema: kile kipo, kiangalie, halafu urudi kwa hiki.

Nikajaribu.
Nyumba yetu ya sasa ni ndogo kuliko ile ya zamani.
Nikanyoosha kidole. Kikaelekea chini,
kwenye jiwe ninalotembea juu yake.
Humo ndani umo mlango wa bluu,
sufuria ya bibi, ndoo, ngazi mbili za saruji,
na kitabu changu cha hesabu, darasa la nne.
Hapo si kuliko tena.
Ni kulikokuwa.
Kesho nitamuuliza Mwalimu Ndoole
kama wana mkia wa hilo.

Nafika. Mwanga wa makala unapenya kati ya mbao.
"Umekawia," Mama anasema gizani.
"Kuliko jana?"
"Kuliko bugali."